Muscat hadi Zanzibar: Saa Tano na Nusu

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Muscat hadi ule wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, ni kama kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa tano na nusu hivi. Wanachama wengi wa klabu yetu wanazijua hesabu hizi mbili kwa moyo, maana karibu kila mmoja ana mtu wake upande wa pili. Katika makala haya tunataka kuzieleza hesabu hizo vizuri, kisha tuongeze ya tatu ambayo haiandikwi kwenye tiketi.

Sisi tunaoandika ni ndugu wawili, kaka na dada, mmoja yuko mwaka wa pili na mwengine mwaka wa nne. Tumezaliwa Muscat. Kiswahili tumekipata kwa Bibi, mzaa mama, aliyezaliwa Malindi ya Unguja akaja huku katika miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipoufungua mlango kwa Waomani waliokuwa Afrika ya Mashariki. Uwanja wa ndege wa Muscat wakati ule ulikuwa mpya kabisa. Ulifunguliwa Seeb mwaka 1973, na ukaitwa Seeb kwa miaka mingi mpaka jina likabadilishwa mwaka 2008. Bibi mpaka leo anasema "twende Sibu" akimaanisha uwanja wa ndege, hata kama mtu aliyempakia kwenye gari anakwenda Seeb kununua samaki.

Tuanze na kilomita. Ukichukua ramani ukavuta uzi kutoka Muscat hadi Unguja, uzi huo utapita juu ya jangwa la Oman, utatokea Dhofar karibu na Salalah, utavuka bahari hadi pembe ya Somalia, utateremka karibu na Mogadishu, utapita mbele ya Lamu na Malindi ya Kenya, halafu utafika Unguja. Yaani ndege inafuata karibu pwani ile ile waliyoifuata manahodha wa majahazi. Tofauti ni kwamba nahodha aliiona pwani kwa macho, na abiria wa leo anaiona kwenye kioo kidogo mbele yake, kama hakulala.

Sasa muda. Saa tano na nusu zinazotajwa kwenye ratiba hazihesabiwi tangu magurudumu yaache ardhi. Zinahesabiwa tangu ndege iondoke mahali ilipoegeshwa hadi iegeshwe tena mwisho wa safari. Ndani yake mna kutambaa polepole kuelekea kwenye njia ya kurukia, mna kungoja zamu, mna kupanda na kushuka. Ndiyo maana ukigawa kilomita 3,900 kwa saa tano na nusu unapata kama kilomita 700 kwa saa, ilhali rubani anakwambia kuwa huko juu mnakwenda zaidi ya 800.

Jambo linalowasumbua wazee wetu zaidi ni saa ya ukutani. Oman iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja. Ndege ikiondoka Muscat saa tatu asubuhi, itafika Unguja saa saba na nusu mchana kwa saa za kule. Mtu akitazama karatasi ya tiketi anaona saa nne na nusu tu. Akirudi, akiondoka Unguja saa tisa alasiri, anafika Muscat saa tatu na nusu usiku, na karatasi inaonyesha saa sita na nusu. Tulimweleza Bibi mara nyingi kwamba safari ni moja, ni saa tu zinazotofautiana. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Lakini kwenda ni karibu kuliko kurudi, na hilo nalijua tangu zamani."

Juu ya hayo kuna hesabu yetu ya Kiswahili. Tiketi inasema 07:00, sisi tunasema saa moja asubuhi. Hesabu hii ilizaliwa karibu na Ikweta, mahali ambapo jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na saa kumi na mbili jioni huwa kweli ni jioni. Muscat iko mbali na Ikweta. Majira ya joto jua hutua karibu na saa moja usiku, na majira ya baridi hutua kabla ya saa kumi na mbili. Hata hivyo nyumba nyingi za Kizanzibari hapa bado zinahesabu vile vile. Kwa hiyo kila miadi ya simu baina yetu na Unguja hupita kwenye maswali mawili: saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Saa za huku au za huko?

Mabibi na mababu wa mabibi zetu hawakuwa na tatizo hilo. Wao walihesabu kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na hiyo ndiyo iliyoteremsha majahazi kutoka Sur, Muscat na bandari nyengine za Ghuba hadi Mombasa na Unguja. Kusi huanza mnamo Aprili, na hiyo ndiyo iliyowarudisha. Safari ya kuteremka, upepo ukiwa mzuri, ilichukua wiki tatu, nne au zaidi kwa kutegemea bandari walizosimama. Lakini wiki hizo ni nusu tu ya habari. Aliyefika Unguja Januari hakuweza kurudi Februari, hata kama biashara imekwisha na moyo umechoka. Ilimpasa angoje kusi. Katika kungoja huko watu walikodi vyumba, wakaoa, wakazaa, wakajifunza lugha. Walimu wetu wametufundisha kwamba maneno ya Kiarabu yaliingia katika Kiswahili kwa biashara na dini. Sisi tunaongeza: na kwa kukosa upepo wa kurudia. Ndege ya leo hupita kilomita kumi na zaidi juu ya pepo hizo, na aliyekwenda kwa wiki mbili anarudi baada ya wiki mbili.

Kuna safari moja ya njia hii ambayo kila mmoja ameisoma katika historia. Mwaka 1856 Sayyid Said bin Sultan aliondoka Muscat kurudi Zanzibar kwa meli yake. Hakufika akiwa hai. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, na mwili wake ukaletwa Unguja ukazikwa huko. Vitabu husimulia zaidi yaliyofuata: ugomvi wa wanawe, na uamuzi wa mwaka 1861 uliotenganisha Oman na Zanzibar. Sisi tulipoisoma habari hiyo mwaka huu, lililotusimamisha ni jambo jengine. Watu wa Unguja walikuwa wakimngojea aliyekwisha kufa, na hawakujua. Haikuwepo njia ya kujua. Habari ya kifo ilipanda meli ile ile iliyobeba maiti, ikasafiri kwa mwendo ule ule, ikafika siku ile ile.

Miaka 23 baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Tangu hapo habari ilianza kumtangulia mtu. Na hapo ndipo ilipo hesabu yetu ya tatu: muda uliopo baina ya kusikia na kufika. Wakati wa Sayyid Said muda huo ulikuwa sifuri, kwa sababu vyote viwili vilikwenda polepole. Siku hizi ndege imekuwa ya haraka sana, lakini habari imekuwa ya haraka zaidi, na muda huo wa katikati ndio tunaoishi ndani yake sisi tulio huku.

Bibi ameuonja umbali huu kwa namna mbili. Mama yake alifariki Unguja mapema katika miaka ya 1980. Barua ilimfikia Muscat baada ya mwezi na siku kadhaa. Alipoifungua, matanga yalikwisha kumalizika kule, kaburi lilikwisha kupandwa. Anasema alilia siku tatu, akasomewa hitma hapa nyumbani, akakubali. "Hapakuwa na la kufanya," anasema. "Hata ningeruka kama ndege, ningefikia nini?"

Namna ya pili tuliishuhudia sisi wenyewe. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, simu ililia nyumbani saa kumi za usiku. Kule Unguja ilikuwa saa tisa. Mdogo wake Bibi, ambaye sisi tulimwita Bibi Mdogo, alikuwa amefariki robo saa iliyopita. Bibi alisikia kwenye simu sauti za wanawake chumbani, akamtambua kila mmoja kwa kilio chake. Alikuwa Muscat kwenye kiti cha sebuleni, na alikuwamo chumbani mle.

Mjomba aliyepiga simu alisema watazika baada ya adhuhuri, mnamo saa saba. Sisi, kama watoto wa chuo, tukachukua karatasi tukaanza hesabu. Bibi hakutaka kuwahi makaburini. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Alichotaka ni kumwosha mdogo wake. Walikuwa wameahidiana tangu ujanani kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Maiti angeoshwa saa nne asubuhi. Ili Bibi awe nyumbani kule saa nne, ilibidi ndege itue saa tatu, apate muda wa pasi, mizigo na njia. Saa tatu ya Unguja ni saa nne ya Muscat. Toa saa tano na nusu, unapata saa kumi na nusu alfajiri. Simu imelia saa kumi. Maana yake ilitakiwa ndege iwe imewashwa mlangoni kwetu, na sisi tupande na nguo za kulalia.

Tulifanya hesabu ile mara mbili, kana kwamba ingebadilika. Kwa maziko yenyewe ilikuwapo nafasi: ingeondoka ndege saa moja asubuhi, tungefika. Siku ile haikuwepo ndege ya moja kwa moja. Iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili.

Mjomba akapiga tena. Akasema, "Dada, tukisubiri mpaka kesho utafika. Sema wewe." Sote tukamtazama Bibi. Tunakiri tulitamani aseme wasubiri. Mama alikwisha kushika simu yake kutafuta tiketi. Kesho haikuwa mbali, na wapo watu wanaosubiriwa siku nzima na zaidi, watoto wao wakiwa njiani kutoka London au Toronto. Hatumlaumu anayesubiri wala anayesubiriwa. Kila nyumba ina yake.

Bibi alinyamaza kidogo, akauliza, "Nani yupo hapo wa kumwosha?" Akatajiwa majina. Akasema, "Wanatosha. Msimweke kwa ajili yangu. Yeye haki yake ni kustiriwa mapema. Mimi haki yangu ni kulia, na hiyo nitaipata huku huku." Kisha akamrudishia Mama simu, akaenda kutia udhu.

Jioni ile tuliondoka sisi wawili na Bibi, kwa kupitia Dubai. Na hapa tunataka msomaji atazame tena ramani. Kutoka Muscat hadi Dubai ni kama kilomita 350, ndege ya saa moja. Lakini kutoka Dubai hadi Zanzibar ni kama kilomita 3,900, sawa na ulikotoka. Yaani unasafiri, unatua, unashuka na mzigo wako wa mkononi, na hujaikaribia Unguja hata kidogo. Tulikaa pale usiku kucha. Bibi kwenye kiti cha magurudumu, tasbihi mkononi, akiuliza kila baada ya muda, "Sasa kule ni saa ngapi?" Tulimwambia. Kila tulipomwambia alisema kinachofanyika: sasa wanasoma yasini, sasa wanapika uji wa waliolala matangani, sasa wanaamka.

Tuliteremka Unguja saa nne na nusu asubuhi. Toka tulipofunga mlango wa nyumba yetu zilikuwa zimepita saa kumi na nane na nusu. Bibi anasafiri kwa pasi ya Oman, kwa hiyo alipanga foleni ya wageni. Kijana wa dirishani alimkaribisha kwa Kiingereza na kumuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Bibi akamjibu kwa Kiunguja chake, "Mwanangu, mimi wa Malindi, kabla ya baba yako." Yule kijana akasimama akasema, "Shikamoo bibi," akauliza anakwenda wapi. Aliposikia matangani, akampa pole na kumpitisha upesi.

Nyumbani walimpokea kwa kilio kipya, kama ilivyo desturi kila anapofika mtu wa mbali. Kilio kilipotulia, Bibi aliwaita wanawake watatu waliomwosha mdogo wake. Akakaa nao chini kwenye mkeka, akawauliza moja baada ya moja.

"Nani alishika kichwa?"

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

"Ya uvuguvugu. Tulitia majani ya mkunazi."

"Na kafuri?"

"Na kafuri, mwisho."

"Nywele mlimsuka?"

"Tulimsuka mikia mitatu, tukailaza nyuma."

Aliwauliza yote, tangu mwanzo mpaka sanda. Wao walimjibu taratibu, bila ya haraka, na alipofika mwisho akawashika mikono mmoja mmoja, akasema, "Mmeniosheeni mtu wangu. Mungu awalipe." Sisi tulikuwa tumekaa mlangoni. Tulifahamu kuwa kile tulichokihesabu kwenye karatasi Muscat na kukikosa kwa saa nyingi, yeye alikuwa akikipata kwa njia aliyokuwa nayo. Siku ya pili yake ikasomwa hitma, naye alikuwepo.

Tumeyaeleza haya kwa sababu katika klabu yetu kuna mazungumzo ya mara kwa mara kuhusu nauli. Nyumba nyingi zina fedha iliyowekwa pembeni kwa ajili ya dharura, na dharura maana yake ni msiba. Wazazi hutwambia tusiiguse. Ni busara, na hatusemi fedha hiyo isiwepo. Ndiyo iliyotufikisha Unguja kwenye hitma. Lakini tukiifuata hesabu mpaka mwisho, tunaona kwamba nauli ya msiba karibu kila mara itafika baada ya maziko. Ndege haitakuwa ya haraka kuliko simu, na dini yetu haitaki maiti acheleweshwe. Hata zikiwepo ndege kila siku, hata zikipunguza nusu saa, muda ule wa katikati utabaki.

Bibi alilisema hili kwa ufupi tulipokuwa tukirudi, tumekaa ndani ya ndege, naye anatazama kile kioo chenye ramani. Aliuliza tumebakisha saa ngapi. Tukamwambia nne. Akasema, "Tiketi ya kwenda kuzika haiwahi. Nunueni ya kwenda kuamkia." Kule Unguja amebaki na kaka mmoja, na Pemba ana mtoto wa shangazi yake waliyelelewa pamoja. Wote wamepita miaka 75. Ni watu wa kuamkiwa, kukaa nao barazani, kusikiliza wanavyobishana habari za mwaka gani mvua ilikuwa nyingi. Na kwa sisi tunaojifunza lugha hii kwa vitabu na kwa simu, wao ndio kamusi inayotembea, na kamusi hii haina toleo la pili.

Kwa hiyo tumekubaliana nyumbani kwetu kuigawa ile fedha. Nusu ibaki mahali pake, nusu iende kwenye safari ya kila mwaka, mtu mmoja au wawili kwa zamu, bila ya kungoja sababu. Tunawaomba wanachama wenzetu walizungumze jambo hili na wazazi wao kabla ya mapumziko ya katikati ya mwaka. Januari ni msimu wa kaskazi, wakati ule ule waliokuwa wakiteremka manahodha. Mwanafunzi ana wiki chache za kupumzika, na zinatosha kabisa kwa safari ya saa tano na nusu.

Sisi zamu yetu ni mwakani, tukimaliza mitihani. Tumekwisha kumpigia kaka yake Bibi kumwambia tutafika siku gani, na kwamba tutatua saa saba na nusu mchana. Akanyamaza, kisha akauliza, "Saa za huku?" Tukamwambia, "Naam babu, za huko huko." Akasema basi atatuwekea chakula cha mchana.